Nafasi ipi inajazwa kwanza? Niliyoyaona Pune kuhusu kota za kasti

Mi nilifika Pune mwaka 2013, mvua za mwezi wa saba, nimetoka Tanga na begi moja na karatasi ya chuo mkononi. Kwa kweli India nilikuwa naijua kwa maduka tu. Sisi wa Tanga tumekua na Mabohora, Makhoja, Mabaniani, tunawajua kwa misikiti yao na mahekalu yao na bei zao, ila hili la kasti, yaani tabaka unalozaliwa nalo na unakufa nalo, nilidhani ni mambo ya zamani kama ya enzi za watumwa huku kwetu, watu wanayajua lakini hayasemwi tena mchana.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa natafuta chumba. Dalali ananipeleka, mwenye nyumba ananiangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu alafu chumba kinakuwa kimeshachukuliwa, saa hiyo hiyo. Kwa dalali huyo huyo kulikuwa na kijana mmoja mwenyeji, naye anazungushwa. Mi nikashangaa, huyu mbona ni mtu wa hapa hapa? Yeye walikuwa hawamwangalii viatu, walikuwa wanamuuliza jina la ukoo. Akishataja, nyumba imejaa. Mwishowe dalali alichoka nasi wote wawili akatupa chumba kimoja juu ya gereji ya pikipiki. Ndo nikaishi miaka minne na huyu mtu, na hapa nitamwita Bhau tu, maana Kimarathi ni kaka na ndivyo nilivyokuwa namwita.

Bhau katokea wilaya ya Beed, upande wa Marathwada, kule ambako watu wengi wanafunga milango baada ya mvua wanaenda miezi sita kukata miwa mikoa mingine. Wazazi wake walikuwa wakata miwa. Kasti yao ni Matang, kizamani walikuwa wasuka kamba na wapiga ngoma ya halgi, na ni moja ya zile ambazo watu walikuwa hawazigusi wala kunywa nazo maji kisima kimoja. Serikali inaziita kwa pamoja SC, kasti zilizoorodheshwa. Kuna ST, makabila yaliyoorodheshwa, na OBC, wale wengine walioachwa nyuma. Kota ndo hizi nafasi wanazotengewa, kwenye vyuo vya serikali kuu SC wana asilimia 15 ya nafasi, ST 7.5, OBC 27, na tangu 2019 kukaongezwa 10 za maskini wasio kwenye makundi hayo. Majimbo yana hesabu zao, Maharashtra, jimbo lenye Pune, kwa mfano SC ni 13 na ST 7, alafu hao OBC wamekatwa katwa vipande vipande mpaka unasahau.

Sasa ujinga wangu. Siku moja tunakunywa chai kwenye kibanda, Bhau kapata alama za juu kuliko darasa karibu zima kwenye pepa la hesabu, mi kwa nia njema kabisa nikamwambia, we kaka una akili hivi, kota uliichukulia nini? Si ungeingia kwa alama zako. Hakukasirika. Akamaliza chai yake, akaniuliza, "We uliingia hapa kwa mtihani gani?"

Nikanyamaza. Kwa sababu sikufanya mtihani wowote. Wenzangu wote walikuwa wamekesha mwaka mzima, wengine miwili, kwa ajili ya mtihani wa kuingia, mi nilileta cheti cha fomu siksi chenye divisheni tuu na ada ya kigeni nikapewa kiti. Vyuo vya ufundi kule vinaruhusiwa kuongeza nafasi mpaka asilimia 15 juu ya zile zilizopo kwa ajili ya wageni na watoto wa Wahindi wanaoishi au kufanya kazi nje. Hiyo si kota? Alafu vyuo binafsi vina nafasi za uongozi wa chuo, ambazo wote tunajua zinaendaje, unaenda na mzazi mwenye pochi. Miaka minne sijawahi kusikia mtu anamwambia mtoto wa pochi kwamba amechukua nafasi ya mwenye akili. Wala mi hakuna aliyeniambia. Bhau aliambiwa wiki ya kwanza, na lekchara, mbele za watu, kwa mzaha.

Toka siku ile nikaanza kuuliza badala ya kushauri.

Na Pune ni mahali pazuri kuulizia. Jyotirao na Savitribai Phule walifungua shule yao ya wasichana mji huo huo mwaka 1848. Kolhapur si mbali, mfalme Shahu alitenga nusu ya kazi za serikali yake kwa waliokuwa nyuma mwaka 1902. Na gereza la Yerwada, ambalo nilikuwa nalipita na basi, ndiko Gandhi alikokuwa amefunga kula mwaka 1932 mpaka Ambedkar, kiongozi wa hao wa kasti za chini, akakubali kuachia kura za peke yao kwa watu wa chini, wapewe viti vilivyotengwa ndani ya kura ya wote. Bhau alikuwa kila tukipita hapo anasema, "Hapa tuliuzwa." Rafiki yake mwingine, naye wa SC lakini wa kasti ya Mahar, alikuwa anasema hapana, hapa ndo tulipopata mlango. Wakibishana hao basi linafika mwisho wa ruti hawajashuka.

Mwaka wa pili Bhau akanivuta kwenye meza ya kusaidia watoto wa vijijini kujaza fomu za kuomba vyuo. Wanafunzi tu, tunakaa nje na laptopu mbili na mfuko wa pini. Mi kazi yangu ilikuwa kuskani. Hapo ndo nikaona kumbe sheria yenyewe inaweza kuwa nzuri na mtoto akaanguka kwenye karatasi. Maana Maharashtra cheti cha kasti peke yake hakitoshi, lazima kipitishwe na kamati ya kuhakiki, na kamati inataka ushahidi wa ukoo, na kwa SC na ST ushahidi unaotakiwa ni wa kwamba ukoo wenu ulikuwa hapo tangu 1950. Sasa karatasi ya kabla ya 1950 inayoandika kasti mara nyingi ni cheti cha kuacha shule. Cha babu. Babu ambaye hakuruhusiwa kuingia darasani, na kutoruhusiwa huko ndo sababu ya kota kuwepo!

Nakumbuka binti mmoja alikuja na baba yake wamebeba bahasha la plastiki, ndani kuna hati ya kodi ya ardhi imeliwa na mchwa, imeandikwa kwa mwandiko ule wa kale wa Kimodi ambao hata Wamarathi wa leo hawausomi. Wakatafuta mtu wa kuusoma. Tarehe ya mwisho ikapita. Mwaka uliofuata walirudi, safari hii karatasi zimekamilika, ila binti alikuwa ameshaolewa, aliyekuja ni mdogo wake.

Na ukali ule una sababu, sio kwamba walikuwa wabaya tu. Vyeti feki vilikuwepo, tena vingi upande wa ST, watu majina yao yanafanana na ya makabila wanajipenyeza. Ukilegeza mwizi anaingia, ukikaza mwenye haki anabaki nje na bahasha lake. Mi nikiulizwa ningesema aliyeshahakikiwa mmoja kwenye ukoo awatoshe na wadogo zake bila kuanza upya, na kazi ya kutafuta makaratasi ya zamani iwe ya ofisi, ndo yenye makabati.

Sasa nije kwenye kile ambacho kilinibadilisha kichwa zaidi, na ni kitu kidogo sana. Semista ya sita tulipewa projekti, mi na Bhau tukachukua ya kuandika programu ya kugawa nafasi za chuo. Mi nikaandika sehemu ya kugawa. Nikafikiria kama mtu yeyote, tuna nafasi 10, tatu za kota, basi nianze na hizo tatu nizimalize, alafu saba zilizobaki niwape wengine kwa alama. Bhau akaangalia majibu akasema hii programu yako ni ya mtu gani, ya yule lekchara? Kaa tuihesabu kwa mkono.

Tukahesabu. Chukua kwamba kwenye waombaji, wa nne na wa saba kwa alama ni watoto wa kota, na wenzao wanaofuata ni wa 15, wa 22 na wa 31. Ukianza na nafasi saba za wazi kwa alama tu, anaingia wa kwanza mpaka wa saba, wakiwemo hao wawili, kwa sababu nafasi ya wazi ni ya kila mtu. Alafu tatu za kota zinaenda kwa wa 15, 22 na 31. Jumla watoto wa kota wameingia watano. Sasa fanya kama nilivyofanya mi, kota kwanza. Wa nne, wa saba na wa 15 wanazimaliza zile tatu, alafu saba za wazi wanachukua wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa tano, wa sita, wa nane na wa tisa. Jumla ya watoto wa kota, watatu. Asilimia ni ile ile 30, sheria imeandikwa vile vile, hakuna aliyedanganya, na watoto wawili wamepotea kwa sababu mimi nilianza na mstari mmoja wa programu kabla ya mwingine.

Nilikaa kimya kwa muda. Maana kwa njia yangu ile, tatu iligeuka kuwa dari. Wale wenye akili wanasukumwa wakae kwenye viti vyao, na viti vya wazi vinakuwa kota ya wakubwa bila kuitwa hivyo. Mahakama ya Juu ya India ilishasema hili mapema, kwenye hukumu ile kubwa ya Indra Sawhney ya 1992 na ikabidi irudie tena Desemba 2020 kwa kesi ya polisi wa Uttar Pradesh, kwamba fungu la wazi ni wazi kwa wote. Ukiona mahakama inarudia jambo baada ya miaka 28 ujue kuna watu mahali wanaandika programu kama yangu.

Kuna na lile la kota za mlalo, za wanawake na walemavu, hizi hazisimami pembeni ya kasti, zinapita katikati ya kila fungu. Walemavu 5 kwa mia tangu sheria ya 2016. Zile tulizikosea mara nne, sitaki kukumbuka.

Wakati huo huo, 2016, Wamaratha walikuwa wanaandamana, na Pune walijaa barabara nzima. Waliandamana kimya, hakuna nyimbo, hakuna kelele, watu kwa maelfu wanatembea tu, mi nywele zilinisimama. Hao ni kasti ya wakulima, ndo wenye ardhi, ndo wametoa mawaziri wakuu wengi wa jimbo, na wanataka kota. Bhau alikasirika sana siku ile. Mi nilimuuliza fundi pikipiki wa chini yetu, Mmaratha, akaniambia shamba la babu lilikuwa ekari 20, wamegawana mpaka yeye ana moja na nusu na mkopo, mwanae kakosa chuo kwa alama mbili na jirani mwenye alama chini yake kapata. Sikuwa na jibu la kumpa, na ile kusema "historia" kwa mtu mwenye mkopo naona ni uvivu. Kota yao ilipitishwa 2018, ikafutwa na mahakama 2021, ikarudi kwa sura nyingine 2024.

Ila kuna mahesabu ambayo serikali kuu waliyafanya nikayapenda. Walipoleta asilimia 27 za OBC kwenye vyuo vyao kwa sheria ya 2006, waliongeza nafasi zote kwa 54 kwa mia. Kwa nini 54? Kwenye kila nafasi 100, za wazi zilikuwa 77 na nusu. Fanya ziwe 154, toa kota 49.5 kwa mia, zinabaki 77 na ushee. Hakuna aliyepungukiwa na kiti, kwa karatasi. Mabweni na walimu hawakuongezeka kwa kasi ya karatasi, lakini angalau mtu alikaa chini akapiga hesabu ya yule fundi pikipiki pia.

Kuhusu matajiri ndani ya kundi. Kwa OBC kuna kile wanachoita malai, utandu wa juu wa maziwa, familia ikizidi kipato fulani mtoto anatolewa kwenye kota. Tangu 2017 kikomo ni rupia laki nane kwa mwaka, ila mshahara na mapato ya shamba hayahesabiwi kwenye hiyo laki nane, sasa wewe jiulize nani anabaki wa kutolewa. Na kichekesho, laki nane hiyo hiyo ndo kipimo cha "maskini" kwenye zile asilimia 10 za 2019. Upande mmoja wa meza we ni utandu, upande wa pili we ni fukara.

SC hawana utandu, na Bhau hakuutaka, alikuwa anasema baba wa rafiki yangu ni afisa wa serikali na bado mwenye nyumba anamuuliza ukoo. Kilichomuuma yeye ni kingine. Ndani ya zile 13, Matang wanabaki nyuma, wale waliowahi kushika elimu ndo wanaojaza. Agosti 2024 majaji saba walikaa, sita wakakubali kwamba majimbo yanaweza kuzigawa SC ndani kwa ndani, na Telangana wakafanya 2025, kasti 59 wakazipanga makundi matatu, ile 15 ikawa 1, 9 na 5. Bhau alinipigia simu usiku kwa furaha. Mi nikamharibia. Darasa la watu 60, asilimia moja ni sita ya kumi ya kiti. Nani anakalia kiti cha sita ya kumi? Lazima uzungushe kwa zamu miaka na miaka, au ujumlishe madarasa yote ya jimbo. Akasema, "Afadhali zamu kuliko kamwe."

Likizo moja tulienda Karnataka, msitu wa Uttara Kannada, kuwaona Siddi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika, wapo na Gujarat, na wa Gujarat ngoma yao hadi leo wanaiita goma. Mzee mmoja alinishika mkono akawa haniachii, anaongea Kikonkani, mi Kiswahili, hatuelewani chochote. Huko Uttara Kannada walitambuliwa kama ST mwaka 2003. Siddi wa wilaya jirani, Belagavi na Dharwad, sura hizo hizo, ndugu hao hao wanaooana, hawakuwamo mpaka 2020. Miaka 17 kwa sababu ya mpaka wa wilaya. Kijana mmoja aliniambia mama yake alitaka ahamie kwa mjomba ili awe kabila.

Darasani nako. Bhau alisoma Kimarathi mpaka darasa la kumi, chuo ni Kiingereza tupu. Mi nilisoma Kiswahili msingi nikagongwa na Kiingereza fomu wani, kwa hiyo ule usingizi wa kutoelewa na unaogopa kunyoosha mkono naujua. Tulikuwa tunatafsiriana usiku, mi Kiingereza chepesi, yeye hesabu. Vyuo vile vikubwa vya uhandisi, IIT, vina mwaka mzima wa maandalizi kwa wachache wa SC na ST ambao nafasi zao zingebaki wazi. Chetu hakikuwa na chochote. Na pesa ya skolashipu ilifika wakati tunafanya mitihani ya mwisho wa mwaka, wakati ada ilitakiwa mwanzoni, mama yake akaweka rehani bangili.

Nimerudi Tanga 2017. Mwaka juzi kamati ya mtaa wetu ilikuwa na udhamini wa watoto 10, tatu za wasichana. Mwenyekiti, mzee wangu namheshimu, akasema "tuanze na hizo za mabinti tuzimalize tukae na kazi kubwa." Nikamwomba radhi nikachukua chaki. Wa nne, wa saba, wa 15. Ilichukua saa nzima na chupa mbili za kahawa, na mzee mmoja mpaka leo anadai nimefanya mazingaombwe, lakini walianza na saba.

Alafu mwaka jana mdogo wake Bhau wa mwisho, wa kike, naye akaomba uhandisi. Alama zake kubwa. Akawa hataki kujaza kile kisanduku cha kasti, anasema asije akaitwa majina kama kaka yake. Bhau akaniwekea spika niongee naye, nikamwambia jaza dada, ukitosha kwa alama watakuhesabu huko huko kwenye wazi, kisanduku hakikuvuti chini. Nilisema kwa kujiamini alafu usiku sikulala, nikawaza na huko kama kuna mtu kaandika kama mimi je?

Orodha ilipotoka Bhau alinitumia picha ya karatasi. Safu ya kasti imeandikwa SC. Safu ya aina ya nafasi imeandikwa GOPENS, yaani ya wazi. Nilimuuliza mama yao kasemaje, akasema Aai kauliza bweni rupia ngapi.